Mdhamini wa Karatasi Thelathini na Moja

2 Februari

Mdogo wangu Karani,

Barua yako imefika na alama ya duara juu yake, nadhani mtu wa posta aliitumia kufunikia kikombe. Nimeisoma hivyo hivyo. Huku sote tu wazima, Baba hajambo, mgonjwa pekee ni cherehani yangu ambayo imeanza kuruka mishono kama mtoto anayeruka madimbwi.

Unaniuliza kama ni kweli nimeingia kwenye kamati ya ombi. Ni kweli, na aliyekuambia mwambie ana mdomo mrefu. Sheria mliyoitunga nyinyi wenyewe huko Makao Makuu inasema watu laki moja wa nchi yetu wakitia saini, Muungano lazima utuitishie kura: tubaki au tutoke. Basi tunatafuta laki moja. Kila karatasi ina majina ishirini na matano, na chini kabisa anasaini mdhamini, mtu wa mtaa huo huo anayewafahamu wote kwa sura na kwa nyumba. Saini ya mdhamini ikikataliwa, karatasi nzima imekwenda na maji. Kwa hiyo hatuokoti mdhamini njiani.

Unasema kura itagawa nyumba. Nyumba ilikwisha kugawanyika, mdogo wangu. Wewe uko mwisho wa reli, safari ya siku mbili, na mimi niko hapa na pini mdomoni. Hata likizo za shule za watoto wetu zinapangwa na mtu asiyejua mvua ya kwetu inanyesha mwezi gani. Sikufichi, mimi nataka tutoke.

Baba hataongeza mstari wake chini ya barua safari hii. Miwani imeanguka ikapasuka, tunasubiri nyingine.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawashonea kitu.

Dada yako,
Mkasi


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mu wazima. Nami nimehamishwa idara. Ni kazi ya makaratasi, haina la kusimulia.

Mkitoka, mimi nitakuwa nani? Watoto wangu wamezaliwa huku, mama yao ni wa huku, wanahesabu na kuota kwa lafudhi ya huku. Siku moja nitaamka mgeni kwenye kitanda changu mwenyewe. Wifi yako ananitania kwamba atalazimika kunitafutia kibali cha kuishi. Anacheka, lakini utani huo ameshaurudia mara tatu. Na nchi yetu ni ndogo, Dada. Umeme unatoka huku, dawa zinatoka huku, hata karatasi mnazosaini nadhani zimetoka huku. Wajenga nyumba moja hawagombei fito.

Na Baba je, umemfikiria? Mtu aliyetunza saa za stesheni za Muungano kwa miaka ishirini na minane, cheti chake kikiwa ukutani juu ya redio. Najua yeye hawezi kutia mkono kwenye jambo hili. Tafadhali usimsumbue nalo.

Mwambie afanye haraka na hiyo miwani. Tangu nihamie huku sijawahi kupata barua yako bila mstari wake.

Mdogo wako,
Karani


26 Februari

Karani,

Fito hatugombei. Tunagombea ufunguo, maana nyumba ni ya wote lakini ufunguo unalala mfukoni mwenu.

Hilo la kuamka mgeni limeniuma, sitakudanganya. Nililifikiria siku nzima nikakata kola mbili vibaya. Lakini sikuona kwa nini watu laki moja wanyamaze ili wewe ulale vizuri. Wifi mwambie kibali chako nitakishona mwenyewe, kwa kitambaa kizuri, chenye mfuko.

Ya Baba mwachie Baba. Ni mtu mzima.

Miwani bado. Fundi miwani ni mwongo kama mafundi wote, nami nikiwemo. Majina yanakwenda vizuri, wiki ijayo tunafunga mafungu.

Mkasi


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Soma barua hii peke yako, kisha ichome.

Sikukuambia kweli yote kuhusu idara yangu mpya. Niko Tume. Mimi ni mmoja wa wakaguzi sita wanaokagua saini za ombi lenu. Tunachukua saini ya mdhamini, tunaiweka chini ya kioo cha kukuzia pamoja na sampuli yake ya zamani, tunaandika moja ya maneno matatu: inalingana, hailingani, imeghushiwa. Sikukuambia kwa sababu ningeonekana msaliti.

Jumanne mafungu ya mtaa wetu yalifika mezani kwangu. Kanuni inasema mkaguzi akikuta karatasi ya ndugu yake ampe mwenzake. Nilipoona jina la Baba nilianza kunyanyuka. Kisha nikaziona saini zenyewe, nikakaa.

Sampuli niliyo nayo ni fomu yake ya pensheni. Mkono wa Baba unaujua: umelala kulia, na jina zima linakwisha bila kalamu kuinuka. Hizi zenu zimesimama wima, zinatetemeka, jina limekatikakatika sehemu nne. Ni mkono wa mtu anayechora, haandiki. Dada, katika familia yetu anayechora saini ya Baba ni mmoja. Umesahau ripoti ya darasa la sita? Mimi ndiye niliyekushikia taa.

Sikutegemea ungefika huku. Kughushi saini ya ombi ni kifungo cha miaka mitatu. Ningempa mwenzangu angeandika "imeghushiwa", na askari wangekuja dukani kwako. Nimeandika "hailingani" kwenye zote thelathini na moja. Neno hilo halina kesi. Karatasi zinawekwa kando na yamekwisha.

Sitaki shukrani. Ila usilitumie tena jina la Baba, hasa kwa jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikubali.

Karani


21 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata barua yako lakini siwezi kungoja. Nina jambo la kukuomba, na kabla ya kuomba sina budi kukiri.

Alhamisi redio imetangaza hesabu ya Tume. Saini halali ni elfu tisini na tisa, mia tatu themanini na nane. Zimepungua mia sita na kumi na mbili, na hakuna kura. Watu walikuwa wamejaa dukani, kila mmoja akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake ofisi ya mtaa ikabandika ubaoni majina ya wadhamini waliokataliwa. Mtaa wetu mzima una jina moja, la Baba. Karatasi thelathini na moja. Hesabu wewe, uliyekuwa hodari: ni watu mia saba sabini na watano. Wangetosha na kubaki.

Sasa nisikilize. Tarehe nane Januari Baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote, mkono haushiki hata kijiko. Alilala hospitali siku tisa, na siku aliyoweza kusema aliniapisha nisikuambie. Alisema una kazi na watoto, usipande treni siku mbili kuja kumtazama akilishwa. Miwani yake haijapasuka. Iko puani mwake sasa hivi naandika.

Kamati ilipomtaka awe mdhamini nilidhani atakataa. Akakubali, ila akasema mdhamini hasainiwi na mtu mwingine. Nikamwambia dole gumba linaruhusiwa. Akasema yeye alikwenda shule. Akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto, kwenye karatasi zangu za kukatia mitindo. Siku kumi na moja, Karani. Nina kabati zima la kola na mikono ya mashati yenye jina la Baba. Kisha akasaini thelathini na moja, tatu kwa siku, baada ya kila moja akipumzika na kujifuta jasho. Nilitaka tuandike pembeni kwamba ametumia kushoto kwa sababu ya ugonjwa. Hakutaka mtu wa serikali asome ugonjwa wake. Aliona haya, nami nikamkubalia, na hilo ni kosa langu.

Juzi alitaka nimpeleke akaone ubao. Tulitembea nusu saa mahali pa dakika tano. Akasoma jina lake, akasoma lile neno, akaniuliza, "Hailingani na nini?" Nikamwambia na saini yako ya zamani. Jirani aliyesaini mstari wa nne ameniuliza kama Baba alisaini mwenyewe au nilimtumia mgonjwa. Watu wawili wamechukua saa zao walizomwachia azitengeneze akipona. Baba aliwarudishia kwa mkono wa kushoto, akawaomba radhi kwa kuchelewa.

Ombi langu ni hili. Wewe uko huko huko serikalini. Mtafute huyo mkaguzi. Usigombane naye, labda naye ni mtu na watoto wake. Mwambie tu kuna mzee aliyepooza aliyefanya mazoezi siku kumi na moja ili asimdanganye mtu.

Dada yako


24 Machi

Barua yako imefika leo.

Sijaichoma. Sijamsomea Baba. Kila jioni ananiuliza kama umempata yule mkaguzi. Namwambia bado unamtafuta.


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ziko mbele yangu. Nimeanza hii mara nne.

Ya kwanza nilijitetea kwamba mngeniambia. Ni kweli mngeniambia, lakini hiyo haifanyi saini ile isiwe yake. Ya pili nilisingizia utoto wako na ripoti ya darasa la sita. Nikaona aibu kumkumbusha mtu kosa la umri wa miaka kumi na miwili, wakati langu nimelifanya nina arobaini na moja, nimevaa tai.

Nikuambie lililo baya zaidi, kwa sababu nisipoliandika sasa sitaliandika. Nilipoamua kwamba umeghushi, nilifurahi. Si kwa ajili ya kukuokoa tu. Nilipata sababu nzuri ya kuangusha karatasi zile, na nikaenda kula chakula cha mchana nikiwa na hamu. Ningekuwa nataka kura hiyo, ningezitazama zile saini mara mbili. Ningejiuliza kwa nini mtu mwenye nia ya kughushi aghushi vibaya namna ile, mara thelathini na moja, kila moja ikiwa bora kidogo kuliko ya kabla yake. Sasa nimezipanga kwa tarehe. Zinakwenda zikinyooka. Mkaguzi mwanafunzi angeliona hilo.

Ipo njia. Ndani ya siku thelathini mdhamini anaweza kuja Tume, akasaini mbele ya mkaguzi aliyemkataa na mbele ya katibu. Ikilingana na zilizokataliwa, karatasi zinarudishwa. Mkaguzi naye anaweza kukiri kosa kwa maandishi, nayo inatosha. Lakini nikikiri, wataniuliza kwa nini nilishika karatasi za baba yangu, na hapo kazi imekwisha. Na baba mkwe wangu ndiye aliyeniombea nafasi hii.

Naona aibu kuuliza, lakini nauliza. Baba anaweza kusafiri?

Karani


5 Aprili

Karani,

Baba anaweza kusafiri. Anakuja na treni ya tarehe kumi na tatu, amepangiwa kuonwa tarehe kumi na tano saa nne asubuhi. Anasindikizwa na fundi viatu wa jirani. Mimi siji, kwa sababu nikikuona nitakurarua mbele ya watu na kazi ya Baba itaharibika. Hawatafikia kwako. Nimemwambia nyumba yako ina wageni.

Sijamwambia mkaguzi ni nani. Anadhani bado unamtafuta, na anakuombea usipate matatizo kazini kwa ajili yake. Una mpaka siku hiyo. Mwambie katibu wako akutoe umpishe mwenzako, au kiri, au kaa kitini umkague tena. Chagua mwenyewe, ndivyo mlivyotuambia watu wa huko, kwamba kuchagua ni kwa wanaojua.

Na jambo moja ulijue, maana ulimsemea bila kumuuliza. Jana nilimwuliza kura ikija atapiga ipi. Akaniambia, "Nitapiga ya kubaki. Mtoto wangu yuko kule." Nikashika kiuno. Nikamwambia, sasa Baba, taabu yote hii ya nini? Akasema miaka ishirini na minane amekaa ndani ya Muungano kama mtu aliyewekwa, na kabla hajafa anataka akae kwa sababu amekubali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ile kura uliyoiangusha ilikuwa na sauti moja ya kwako.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa stesheni, treni yao imeondoka.

Tangu barua yako ifike nilikuwa nikisema nitamwambia katibu kesho. Leo asubuhi nilimfuata mpaka mlangoni kwake, nikaishia kumwuliza kama ameona wino mwekundu.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Baba alivaa koti lile alilostaafu nalo, mkono wa kulia ameuingiza mfukoni ili uonekane umepumzika. Amekonda, Dada. Ulisema mkono, hukusema mdomo umekwenda upande. Aliniona. Akasimama pale kwenye zulia, nami nikasimama. Fundi viatu aliambiwa angoje nje, hakuniona. Katibu alidhani mzee amechoka, akamvutia kiti.

Kuna maswali ya kanuni kabla ya kusaini. Jina, mtaa, kazi. La nne ni hili: "Mzee, una udugu wowote au kujuana na mkaguzi huyu?" Baba akanitazama tena. Akatazama tai yangu, na kile kibao chenye cheo changu mezani. Akasema, "Hapana. Simfahamu."

Nikanyamaza.

Akaomba ruhusa yangu kuanza. Aliniita Mheshimiwa. Karatasi ilikuwa ikimponyoka, kwa sababu mkono wa kuishikilia hana, nikaishika mimi pembeni kwa vidole viwili. Alisaini mara tatu. Zilinyooka kuliko zote. Katibu alizitazama kwa kioo, akasema, "Hizi ni zile zile, bwana, ulikuwa na haraka gani?" Nikaandika "inalingana" mara thelathini na moja huku Baba amekaa mbele yangu akitazama dirisha. Mwishowe akasema, "Ahsante, Mheshimiwa. Mungu akulindie kazi yako." Akatoka.

Nilikaa mezani mpaka saa tisa. Niliogopa nikitoka mapema mtu ataunganisha mambo. Nilipofika hapa walikuwa wamekwenda.

Saini zenu ni laki moja na mia moja sitini na tatu. Mmepata kura. Na mimi Baba amenifunga ulimi. Nikisema kweli sasa, namfanya Baba mwongo mbele ya serikali. Nikinyamaza, yeye hana mtoto.

Karani


24 Aprili

Karani,

Mtaa ulisherehekea, sikutoka. Waliochukua saa zao wamezirudisha. Jirani wa mstari wa nne amekuja kuomba radhi mpaka akanichosha.

Nilimwuliza Baba umemwonaje mwanao. Akasema, "Sikumkuta. Alikuwa kazini." Akaomba maji. Nimekaa naye siku saba sasa tangu arudi, hajalisema zaidi ya hapo, na nikilitaja jina lako ananiuliza habari za watoto wako tu, mmoja mmoja.

Nilimtuma bila kumwambia kwa makusudi. Nilitaka umwone akiingia. Nilitaka uaibike, na nilidhani aibu itakuwa yako peke yako. Sikujua watamwuliza swali lile. Nimemfanya mzee wa miaka sabini na mitatu amkane mtoto wake ili nikukomoe wewe. Hilo ni langu, na nalala nalo kila siku.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Tangazo limechapwa kwenye gazeti la serikali: kura ni Septemba, na hakuna mtu anayeweza kulirudisha nyuma. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Waliozaliwa kwetu na kuishi nje wanaruhusiwa kupiga. Fomu nimeiweka ndani. Inataka mdhamini wa mtaa aliozaliwa mwombaji, athibitishe kwamba anamfahamu. Mdhamini wa mtaa wetu ni mmoja.

Sijui kama nina haki ya kuomba. Muulize Baba. Akikataa nitaelewa, na usimsihi.

Karani


15 Mei

Mdogo wangu,

Fomu hii hapa. Ilikaa juu ya meza yake siku tatu, chini ya kopo la vifaa vyake vya saa. Jana aliniita nimshikilie karatasi.

Alisaini. Kisha tukafika kile kisanduku cha chini: "Unamfahamu mwombaji tangu lini?" Nikamwambia, Baba, andika tarehe aliyozaliwa. Akaandika, polepole, tarehe kumi na tano Aprili ya mwaka huu. Utaiona.

Nilimwuliza kwa nini. Akasema fomu zinakwenda ofisi ile ile, kwa katibu yule yule. Kule alisema hakujui. Akiandika tangu ulipozaliwa, watalinganisha, na wewe utafukuzwa. "Wale watu," akasema, "kazi yao ni kulinganisha."

Nikamwambia, lakini Baba, kwa karatasi hii umemjua mwanao mwezi mmoja tu. Akasema, "Inatosha kupigia kura." Kisha akageuza uso ukutani, na mimi nikatoka nje, kwa sababu alikuwa analia na hajui kujifuta vizuri kwa mkono ule.

Nifanyeje, Karani? Niambie wewe unayejua kanuni.

Mkasi


22 Mei

Dada Mkasi,

Shikamoo. Usifanye kitu. Hili halikuwa lako kufanya.

Kanuni nimeisoma upya, niliyoisoma mara mia. Wajibu wa kutangaza udugu si wa mdhamini. Ni wa mkaguzi. Swali lile Baba aliulizwa kwa mazoea tu. Aliyetakiwa kujibu ni mimi, na alijibu kwa sababu aliona nimenyamaza. Hakuna atakayemshitaki. Nimemwuliza mwanasheria wa Tume bila kutaja jina, amenihakikishia. Nilikuwa nikisema kwamba ulimi wangu umefungwa na Baba, kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya mzee mgonjwa.

Wifi yako nimemwambia yote juzi. Aliuliza tu kwa nini babu wa watoto wake alikuja mjini na hakulala kwetu. Alikwenda mwenyewe kwa baba yake kumweleza, na huko sijui kulisemwa nini.

Jana nimeipeleka ile fomu kwa katibu. Tarehe ya Baba nimeikata kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake tarehe ya kuzaliwa kwangu, nikaweka saini yangu pembeni. Nyuma ya fomu nimeandika ukurasa mzima, tangu Jumanne ile ya mafungu mpaka stesheni. Aliisoma akiwa amesimama, akaanza tena mwanzo. Kisha akavua miwani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule mzee wa koti?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni baba yangu."

Karani